Mizani Kati ya Chupa na Seli: Historia ya Kanuni ya Osmosisi katika Vimiminika vya Sindano, 1832–2011

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha wodini, mgonjwa aliyewekewa dripu husemwa kuwa "ametundikiwa maji" au "ameongezewa maji". Usemi huo unaeleweka na wote, lakini kimiminika kilichomo katika chupa ile si maji matupu. Maji matupu, hata yakiwa yamekenekwa na kuchemshwa hadi yasibaki na kijidudu hata kimoja, yakiingizwa kwa wingi moja kwa moja mshipani hupasua chembe nyekundu za damu na yanaweza kumwua mgonjwa. Kinachotundikwa ni mmumunyo ambao chumvi au sukari yake imepimwa ili uvutano wake wa maji ulingane na ule wa damu na tishu. Katika chupa iliyo ya kawaida kuliko zote, kipimo hicho ni gramu 9 za chumvi kwa kila lita, yaani asilimia 0.9.

Insha hii inachunguza jinsi kipimo hicho kilivyopatikana na jinsi kilivyogeuka kuwa kanuni. Maswali yanayoiongoza ni matatu. Kwanza, madaktari waliwezaje kuingiza vimiminika mishipani kwa nusu karne kabla ya kujua ni kwa nini vilingane na damu? Pili, maarifa ya ulinganifu huo yalitoka wapi? Tatu, kanuni iliyopatikana inamlinda mgonjwa kwa kiasi gani?

Hoja kuu inayotetewa ni kwamba kanuni ya mizani ya osmosisi haikuzaliwa kitandani mwa mgonjwa. Ilizaliwa katika majaribio ya mimea na ya matone ya damu ndani ya bilauri. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo ilikuwa kanuni kuhusu seli, wala haikuwa kanuni kuhusu mtu mzima anayeumwa. Pale ilipochukuliwa kana kwamba imemaliza suala la usalama wa mgonjwa, madhara yalifuata, na baadhi ya ushahidi wa madhara hayo ulipatikana katika hospitali za Afrika Mashariki.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Osmosisi ni mwendo wa maji kupita katika utando unaoruhusu maji kupenya lakini unaozuia, kwa sehemu au kabisa, vitu vilivyoyeyuka ndani yake. Maji huelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka. Shinikizo linalohitajika ili kuuzuia mwendo huo ndilo shinikizo la osmosisi. Seli ya mwili imezungukwa na utando wa namna hiyo. Ikizungukwa na mmumunyo wenye uvutano wa maji sawa na wa ndani yake, haivimbi wala hainywei; mmumunyo huo huitwa isotoniki. Ikizungukwa na mmumunyo hafifu, maji huingia ndani yake, nayo huvimba na hatimaye hupasuka. Ikizungukwa na mmumunyo mkolevu, maji huitoka na seli hunywea. Istilahi za kigeni za hali hizi mbili za mwisho hutofautiana kwa silabi moja tu na huchanganywa kwa urahisi. Kwa hiyo insha hii inatumia maneno "hafifu" na "mkolevu".

Ukubwa wa nguvu inayohusika si mdogo. Katika joto la mwili, shinikizo la osmosisi la vitu vyote vilivyoyeyuka katika damu, likipimwa dhidi ya maji matupu, ni zaidi ya mara 7 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Utando wa chembe nyekundu hauwezi kustahimili tofauti ya namna hiyo. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kutaka kimiminika kinachoingizwa kwa wingi kilingane na damu. Dozi ndogo ya dawa isiyolingana inaweza kuvumiliwa mshipani kwa kuwa damu inayopita huichanganya upesi. Chini ya ngozi au ndani ya msuli, ambako mchanganyiko huo ni wa polepole, kutolingana huleta maumivu na huweza kudhuru tishu.

3.0 Tiba Iliyotangulia Nadharia: Leith, 1832

Mwanzo wa tiba ya kuingiza chumvi mishipani unafungamana na kipindupindu. Ugonjwa huo ulipoingia Uingereza mwaka 1831, kijana William Brooke O'Shaughnessy alikwenda Sunderland kuchunguza damu ya wagonjwa. Aliona kwamba damu ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya maji yake pamoja na chumvi zake, na kwamba chumvi hizohizo zilionekana katika kinyesi cha wagonjwa. Alipendekeza kwamba kilichopotea kirudishwe.

Aliyelitekeleza pendekezo hilo ni Thomas Latta, daktari wa Leith, bandari ya Edinburgh, mwezi Mei 1832. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bibi mzee ambaye mapigo ya mkono yalikuwa hayashikiki tena. Latta alimwingizia painti 6 za mmumunyo wa chumvi ya kawaida na kiasi kidogo cha kaboneti ya sodiamu. Macho yaliyokuwa yamezama yalirudi kuwa na uhai, ngozi ikapata joto, naye mgonjwa akasema amepata nafuu. Latta alimwacha chini ya uangalizi wa daktari wa hospitali. Kuhara na kutapika kuliporejea, mmumunyo haukuongezwa tena, na baada ya saa chache bibi huyo alifariki. Taarifa ya Latta ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka huohuo.

Kwa kukokotoa vipimo vya Latta kwa mizani ya leo, mmumunyo wake ulikuwa na takriban gramu 2 hadi 4 tu za chumvi ya kawaida kwa lita. Ulikuwa, basi, mmumunyo hafifu, wenye chini ya nusu ya uvutano wa maji wa damu. Ni kwa nini haukuwaua wote waliopewa? Sehemu ya jibu imo katika mpaka ambao ulikuja kujulikana baadaye: chembe nyekundu za binadamu zina nafasi ya kuvimba kabla ya kupasuka, na nyingi hustahimili hadi chumvi ishuke karibu na asilimia 0.5. Aidha, mmumunyo ulichanganyika na damu ya mgonjwa ambayo ilikuwa imekauka na kuwa nzito. Hata hivyo, hakuna kati ya haya yaliyojulikana kwa Latta. Yeye aliongozwa na wazo la kurejesha kilichopotea. Swali la kulinganisha uvutano wa maji wa pande mbili za utando lilikuwa bado halijaulizwa hospitalini.

Latta alifariki mwaka 1833, na tiba yake ikafifia. Wagonjwa walipewa wakiwa wamekwisha kuzidiwa, kiasi kilichotolewa hakikuendelezwa, vifaa havikutakaswa kwa kuwa nadharia ya vijidudu ilikuwa bado, na mmumunyo wenyewe ulitofautiana kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine. Miaka 37 baadaye, kipindupindu kilipoipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, katika wimbi ambalo daktari James Christie aliyekuwa akiishi huko alikuja kuliandikia kitabu mwaka 1876, kipimo cha chumvi kinacholingana na damu ya binadamu kilikuwa bado hakijajulikana mahali popote duniani.

4.0 Mmea, Utando na Tone la Damu

Wakati tiba ikisinzia, maarifa yaliyohitajika yalikuwa yakikusanyika kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na mgonjwa yeyote akilini. Mnamo 1773, William Hewson wa London alikuwa ameeleza kwamba chembe nyekundu za damu, ambazo kwa asili ni bapa, huwa duara zikitiwa majini na kisha hutoweka machoni, ilhali hubaki na umbo lake katika mmumunyo wa chumvi wenye kiasi kinachofaa. Ushahidi wa msingi ulikuwepo, basi, karibu miaka 60 kabla ya Latta. Kilichokosekana ni nadharia ya kuuelezea na kipimo cha kuutumia.

Katika miaka ya 1820 Mfaransa René Dutrochet alichunguza mwendo wa maji kupitia tando za wanyama na mimea, akautambua kuwa kani halisi inayoweza kupimwa. Thomas Graham aliupa mwendo huo jina lililozaa neno osmosisi mwaka 1854. Moritz Traube alitengeneza utando bandia mwaka 1867, na mwaka 1877 Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea, alichapisha vipimo vya shinikizo la osmosisi alivyopata kwa kuuweka utando wa namna hiyo ndani ya kuta za chungu chenye vinyweleo. Swali lake lilihusu jinsi seli ya mmea inavyojisimamisha kwa maji.

Hatua iliyofuata ilitokea Uholanzi. Hugo de Vries wa Amsterdam alitumia seli za mmea kama mizani. Seli ikitiwa katika mmumunyo mkolevu, sehemu yake ya ndani hunywea na kujitenga na ukuta. Katika mmumunyo hafifu haijitengi. Kwa kutafuta, kwa kila chumvi au sukari, ukolezi ambao kujitenga huko kunaanza tu, de Vries aliweza kusema ni mimumunyo ipi ya vitu tofauti inayovuta maji kwa nguvu sawa. Mimumunyo hiyo ndiyo aliyoiita isotoniki. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba usawa huo haukuwa wa uzito: gramu moja ya sukari na gramu moja ya chumvi hazina nguvu sawa hata kidogo.

Hartog Jacob Hamburger, aliyekuwa akifanya kazi Utrecht, aliuliza kama kanuni ya seli za mmea inafaa pia kwa chembe nyekundu za damu. Kuanzia mwaka 1883 alitia matone ya damu katika mfululizo wa mimumunyo iliyopungua ukolezi hatua kwa hatua, akitazama ni katika ipi wekundu unaanza kuvuja na kuupaka rangi mmumunyo. Alipolinganisha vitu tofauti, uwiano wa ukolezi wao ulikuwa uleule ambao de Vries aliupata katika mimea. Chembe ya damu ya mnyama na seli ya jani ziliitii kanuni moja.

Maelezo ya kinadharia yalifika muda mfupi baadaye. Jacobus Henricus van 't Hoff alionyesha, katika kazi zake za kati ya 1885 na 1887, kwamba shinikizo la osmosisi la mmumunyo hafifu hufuata hesabu inayofanana na ya gesi, na kwamba linategemea idadi ya chembe zilizoyeyuka bila kujali uzito wake. Mwaka 1887 Svante Arrhenius alieleza ni kwa nini chumvi huzidi matarajio: ikiyeyuka, hugawanyika kuwa ioni, hivyo kila kipande cha kloridi ya sodiamu huhesabiwa takriban mara mbili. Kwa hiyo gramu 9 za chumvi kwa lita hutoa milimoli 154 za sodiamu na milimoli 154 za kloridi, ilhali sukari ya glukosi, ambayo haigawanyiki na ambayo molekuli yake ni nzito zaidi, huhitaji takriban gramu 50 kwa lita ili kukaribia nguvu hiyohiyo.

5.0 Kutoka Asilimia 0.6 hadi 0.9

Kabla ya Hamburger, maabara nyingi zilitumia chumvi ya asilimia 0.6 kama mmumunyo unaofaa kwa tishu. Kipimo hicho kilitokana na chura, mnyama aliyependwa sana na wanafiziolojia, na kwa tishu za chura hakikuwa kibaya. Kosa lilikuwa kukihamisha kwa wanyama wenye damu moto bila kukipima upya. Katika asilimia 0.6 chembe nyingi za damu ya binadamu hazipasuki, na kwa kuwa hazipasuki, mtazamaji angeweza kudhani kwamba mizani imepatikana. Mchango mkubwa wa Hamburger ni kutenganisha mambo hayo mawili. Kutopasuka ni mpaka wa chini kabisa wa uvumilivu. Usawa ni hali ambayo seli haibadiliki ukubwa. Kwa kulinganisha chumvi na majimaji ya damu yenyewe, alifikia asilimia 0.9 kwa binadamu na wanyama wengi wenye damu moto. Kipimo cha kiwango cha kuganda kiliafiki: damu huanza kuganda kwa baridi kwenye takriban nyuzi 0.56 za Selsiasi chini ya sifuri, na mmumunyo wa chumvi wa asilimia 0.9 hukaribia hapo.

Matokeo hayo yalikuwa sahihi, lakini jina lililoambatishwa nayo lilizidi ushahidi. Mmumunyo uliitwa "wa kifiziolojia", na katika lugha ya hospitali "wa kawaida". Majaribio ya Hamburger yalikuwa yamethibitisha kwamba chembe nyekundu haivimbi ndani yake. Hayakuwa yamethibitisha kwamba unafanana na damu. Damu ina takriban milimoli 140 za sodiamu na takriban 100 za kloridi kwa lita, pamoja na bikaboneti, potasiamu na kalsiamu. Mmumunyo huo una kloridi zaidi kwa nusu, na hayo mengine hauna kabisa. Sydney Ringer wa London alikuwa amekwisha kuonyesha, katika miaka ileile ya mwanzo wa 1880, kwamba moyo wa chura haudumu kupiga katika chumvi ya kawaida peke yake bila kalsiamu. Mwaka 1932 Alexis Hartmann wa St. Louis aliongeza lakteti katika mmumunyo wa Ringer ili kupunguza tindikali katika damu ya watoto wagonjwa. Hivyo basi, usawa wa nguvu na usawa wa viambato vilikuwa masuala mawili tangu mwanzo, ingawa jina moja liliyafunika yote.

6.0 Mipaka ya Kanuni

6.1 Mizani ya mgonjwa aliyekauka

Mtihani wa kwanza mkubwa ulitokea Calcutta, ambako Leonard Rogers alitibu kipindupindu mwanzoni mwa karne ya 20. Mmumunyo wenye mizani sawa haukumpa matokeo aliyotarajia. Rogers alipima uzito wa damu ya kila mgonjwa ili kukadiria maji yaliyopotea, akatumia mmumunyo mkolevu kwa hoja kwamba ungebaki ndani ya mishipa. Vifo vilishuka kutoka takriban wagonjwa 6 kati ya 10 hadi takriban 3 kati ya 10. Kwa juu juu, hili linaonekana kuikanusha kanuni. Lakini baadaye ilibainika kwamba majimaji anayopoteza mtu mzima mwenye kipindupindu yanakaribia kulingana na damu kwa nguvu ya osmosisi, na kwamba yana bikaboneti nyingi. Timu zilizorudisha kimiminika chenye mizani sawa na chenye kipunguza tindikali, kwa wingi uliolingana na upotevu, ziliweza kushusha vifo chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Inaelekea kwamba mafanikio ya Rogers yalitokana zaidi na kupima mahitaji ya mgonjwa kuliko ukolevu wa mmumunyo wake.

6.2 Mizani inayovunjika baada ya kuingia

Mpaka wa pili unahusu glukosi. Mmumunyo wa glukosi wa asilimia 5 hulingana na damu ukiwa ndani ya chupa, na chembe nyekundu hazidhuriki unapoingia. Lakini seli huitumia glukosi, na kinachobaki ni maji. Mizani iliyokuwepo chupani hutoweka mwilini. Mwaka 1957 Malcolm Holliday na William Segar walichapisha njia rahisi ya kukadiria maji anayohitaji mtoto kwa siku, pamoja na pendekezo la chumvi kidogo lililozingatia mahitaji ya mtoto mwenye afya. Njia hiyo ilienea duniani kote. Mtoto mgonjwa au aliyetoka kupasuliwa, hata hivyo, mara nyingi hutoa homoni inayozuia figo kutoa maji. Maji yaliyozidi hushusha sodiamu ya damu, huingia katika seli za ubongo, na ubongo, uliofungwa ndani ya fuvu, hauna nafasi ya kuvimba. Watoto walipata degedege na baadhi walifariki. Mwaka 2003 Michael Moritz na Juan Carlos Ayus walipendekeza watoto wa hospitalini wapewe mimumunyo yenye mizani sawa ya chumvi. Mwaka 2007 mamlaka ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza ilitoa tahadhari dhidi ya mimumunyo hafifu kwa watoto. Na mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliweka pendekezo hilo katika mwongozo. Hapa kanuni ya Hamburger ilirejea kwa nguvu mpya, safari hii kwa kuulinda ubongo.

6.3 Mizani isiyotosha: Afrika Mashariki, 2011

Mpaka wa tatu ndio mzito zaidi. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na Kathryn Maitland lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za upungufu wa mzunguko wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa haraka mmumunyo wa chumvi wa asilimia 0.9, wengine mmumunyo wa albumini, na wengine hawakupewa kiasi hicho cha haraka. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Baada ya saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.5 katika kundi la chumvi, asilimia 10.6 katika kundi la albumini, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa.

Chumvi iliyotumika ilikuwa na kipimo kilekile cha asilimia 0.9, na tofauti ya vifo haiwezi kuelezwa kwa kupasuka kwa chembe nyekundu. Mmumunyo uliosawazishwa kwa seli ulikuwa, kwa wingi na kasi ile na kwa wagonjwa wale, mzigo ambao mwili haukuubeba. Kanuni ya osmosisi haikuvunjwa. Ilikuwa imefika mwisho wa yale inayoweza kusema.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha mambo matatu. Kwanza, tiba ya Latta ilitangulia nadharia kwa nusu karne, nayo iliwezekana kwa sababu chembe nyekundu zina uvumilivu ambao yeye hakuujua. Pili, kipimo cha asilimia 0.9 kilitoka katika mnyororo wa utafiti uliopitia kwa wataalamu wa mimea na wa kemia kabla ya kufika kwenye damu, na thamani yake ilitokana na kutofautisha kati ya seli isiyopasuka na seli isiyobadilika. Tatu, kanuni hiyo ni sharti la lazima kwa kimiminika chochote kinachoingizwa kwa wingi, lakini si sharti linalotosha. Haisemi chochote kuhusu viambato, kuhusu kitakachotokea baada ya mwili kuitumia sukari, wala kuhusu kiasi na kasi.

Kwa mwanahistoria wa tiba, funzo lililopo linahusu majina. "Wa kawaida" na "wa kifiziolojia" ni majina yaliyoahidi zaidi ya kile ambacho tone la damu katika bilauri lilithibitisha. Kiswahili nacho kinaendelea kuunda istilahi za sayansi ya tiba, na kina nafasi ya kutorithi ahadi hiyo. Jina kama "mmumunyo wa chumvi wa asilimia 0.9" ni refu kuliko "maji", lakini linataja kilichopimwa na kuishia hapo, nalo linaliacha wazi swali ambalo kila anayetundika chupa analazimika kulijibu upya: mgonjwa huyu anahitaji kiasi gani, na kwa kasi gani?